Swali Lililoulizwa Ndege Ikipita

Nianze na jambo ambalo wageni hulicheka. Mtaani kwetu, ndege ikipita, tunanyamaza. Hatujawahi kukaa kikao tukakubaliana hivyo. Mdomo unasimama wenyewe, neno linabaki nusu, na ndege ikishamaliza fujo zake tunaendelea palepale tulipoachia. Ukiingia saluni kwangu unaweza kumkuta mteja anasema, "Basi mume wake akarudi bila taarifa, akafungua mlango, akamkuta yuko na..." Halafu kimya. Chanuo langu limesimama kichwani mwake, kioo kinatetemeka ukutani, dari inatumwagia vumbi, na wanawake wote wamemtumbulia macho wakisubiri. Kisha: "...na mama mkwe, wamekaa wanakula." Umbea wa kwetu una mapumziko yake, na hakuna anayeyaingilia.

Mwalimu darasani husimama na chaki hewani. Kijana mmoja aliulizwa siku ya ndoa yake kama amekubali, ndege ikapita, tukamsubiri ukumbi mzima, na bibi harusi akawa amemkazia macho mpaka mwisho. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa amenyamaza basi ameshaoa. Tulisubiri aseme. Hata mtoto wa kwetu anajua kwamba mtu aliyenyamaza ndege ikipita hajajibu kitu.

Watu hutuuliza kwa nini tulikuja kuishi karibu na uwanja wa ndege. Hatukuja. Uwanja ndio uliokuja, wazazi wetu wakiwa wameshajenga, wameshazaa na wameshazika hapa. Swali hilo likiulizwa mbele yangu huwa natamani kumwacha aliyeuliza na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefumuliwa, akatembee nacho hivyo hivyo mjini.

Kelele tulizizoea kwa sababu tulikuwa na maji. Chini ya mtaa, chini ya mteremko unaoanzia kwenye ukuta wa uwanja, kuna chemchemi. Imejengewa zege na kuwekewa mabomba, na ndiyo maji yetu ya kunywa. Hatuna mengine. Mabomba ya mji yanatoa maji ya rangi ya chai, tena siku yakijisikia, na hayo ni ya kufulia tu. Ya chemchemi ni baridi na hayana harufu. Nimelelewa nayo, na wanangu nimewalea nayo.

Sasa uwanja ukataka kupanuka. Wakaleta mpango wa njia ya pili ya kurukia ndege, na juu ya mteremko ule ule, pale pale juu ya chemchemi, wakachora matangi ya mafuta. Sihitaji kusoma sana kujua kitu kikimwagika juu huenda wapi. Tena tulishaonja. Mwaka uliotangulia, watu wa zimamoto walifanya mazoezi yao kule ndani, wakamwaga dawa zao, na mvua ilipokuja tukaenda kuchota maji tukachota povu. Povu la kukaa, si la kupita. Wakatuma mtu mwenye kola iliyonyooka, akachukua kichupa, akarudi kutuambia kwamba maji yako ndani ya viwango. Nikamkaribisha kikombe. Akasema ameshakunywa ofisini.

Kwenye uwanja huo alikuwepo mtu wetu. Mdogo wangu, tumbo moja, ameolewa na afisa uhusiano wa pale, na mimi nilimpenda yule bwana kuliko wengine wote waliopita kuposa. Shemeji alikuwa na ulimi. Akija kumsubiri mke wake saluni alianzia mlangoni: "Mke mkubwa, umenipikia nini leo?" Nami namjibu, "Mume wa bure, kwani uliacha hela ya sokoni?" Wateja wanakufa kwa kicheko. Na kitu alichokipenda kuliko vyote ni kile kimya chetu. Ndege ikipita alitutazama mmoja mmoja, tumeganda na vitana mikononi, akacheka mpaka machozi. "Nikitaka kumshinda huyu kwa maneno," alikuwa akisema, "nasubiri ndege tu." Nasi tukacheka. Shemeji ni wa kutaniwa na kutania, na mtani hakasirikiwi.

Basi uwanja ukaunda tume ya mpango huo, ikaitisha kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, mchana, kwenye ukumbi wa shule. Tulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa tume alikuwa mtu wa miwani na sauti laini, wale wa kukuita "mama yangu" huku wanakuvutia kiti chako wakalie wao. Shemeji alikaa meza moja naye, suti ya kijivu, hakunitazama. Nikasema moyoni, kazi ni kazi, simlaumu.

Walizungumza wao. Walionyesha ramani ukutani, njia ya ndege kwa rangi nyekundu, matangi kwa viduara vya kijani, rangi ya kijani ya nini sijui, labda ili tudhani ni miti. Kila tuliponyoosha mkono tuliambiwa, "Maswali mwishoni." Sawa, tukashusha. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga asubuhi nzima nikisuka. Jirani yangu Fundi Redio naye alikuwa na yake, na Mama Mapacha alikuja na chupa ya maji yenye povu aliyoifungia kabatini tangu mwaka ule. Mwenyekiti akatazama saa yake. Shemeji naye akatazama ya kwake. Nililiona hilo, sikulitilia maanani.

Ndipo ikaja ndege ya mizigo ya alasiri, ile tunayoiita Mzee Kifua kwa sababu inakohoa kabla ya kupanda. Tukanyamaza ukumbi mzima, kama ilivyo ada. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeendelea. Tuliona midomo yake ikicheza mbele ya kipaza sauti. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwinamia karani wake, karani akaandika. Mzee Kifua alipokwisha kupotea, Mwenyekiti alikuwa ameshasimama anakusanya karatasi. "Nawashukuru sana ndugu wananchi kwa ushirikiano wenu."

"Na maswali?" nikapaza sauti. "Si mlisema mwishoni?"

"Mama yangu, nimeuliza hapa, mbele ya wote, kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyesema kitu. Na kimya nacho ni jibu."

Kabla hatujaelewana walikuwa kwenye magari yao. Nilibaki nimesimama katikati ya viti vya plastiki na maneno yangu yote kifuani. Mama Mapacha alikuwa amekumbatia chupa yake. Fundi Redio akasema, "Tumejikaanga kwa mafuta yetu wenyewe," na siku chache zile mtaa mzima ulilichukua neno hilo. Tukajilaumu. Tukaambiana sisi ni wajinga, tumelemaa, ndege imetufuga. Kinachoniuma hadi leo ni hicho, kwamba walituibia, halafu wakatuacha tukitukanana sisi kwa sisi.

Wiki ile ile tangazo likabandikwa kwenye nguzo karibu na chemchemi. Wananchi wameshirikishwa na hawana pingamizi. Tume itarudi kuwasomea kumbukumbu za kikao wazithibitishe, kisha kazi ianze. Nililisoma nikiwa na ndoo kichwani na nusura niitue niivunje ile nguzo.

Mdogo wangu alikuja saluni asubuhi moja, kabla ya wateja, na mtoto wake mgongoni. Akakaa kitini bila kuniambia anataka mtindo gani. Nikaanza kumfumua. Mtu akiwa chini ya mikono yako unamjua, na shingo yake ilikuwa ngumu kama mti. Nikamuuliza ana nini. Akalia.

"Dada, nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?"

"Sema kwanza."

"Baba mtoto alisimulia kule kazini, kwenye chai. Alikuwa anawachekesha tu. Akawaambia shemeji yangu ukitaka kumshinda ubishi ngoja ndege, na mtaa mzima ndio walivyo, wanazimika kama redio. Wakacheka sana. Bosi wake, huyo huyo Mwenyekiti wa tume, akamuuliza, hiyo ndege kubwa ya alasiri hupita muda gani?"

Mikono yangu ilisimama. Hakukuwa na ndege.

"Naye akamwambia?"

"Akamwambia. Hakujua kwa nini anaulizwa."

"Akaja kujua lini?"

Nikamzungusha na kiti chake anitazame.

"Akaja kujua lini, wewe?"

"Asubuhi ya kikao," akasema. "Walimwambia asubuhi."

"Akavaa suti akaenda."

"Akavaa akaenda."

Sijui kama nimewahi kukasirika vile. Nimeshaibiwa, nimeshatapeliwa, nimeshasengenywa na watu niliowasuka bure, lakini hii ilikuwa nyingine. Huyu mtu alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akatutazama tulivyo tukiwa hatuna habari, akaenda kuwauzia wengine. Tena hata kuuza hakuuza, angalau ningesema alikuwa na njaa. Alitoa bure, apate kuchekewa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema, na mdogo wangu akazidi kulia.

"Usimtaje, dada. Nakuomba. Ukimtaja mbele ya watu ndiyo basi, hana kazi, na mtaa hatakanyaga tena. Na mimi nitakwenda wapi na huyu mtoto?"

Nikamwahidi. Nilimwahidi huku nimeuma meno, na nywele zake nikazisuka kwa hasira mpaka akashika kichwa akaniomba nilegeze.

Walirudi. Na kwa kiburi chao walirudi saa ile ile ya alasiri, kwa sababu mtego ulioshika jana hautafutiwi mahali pengine. Mwenyekiti alisoma kumbukumbu polepole, akiuma maneno, akitazama saa. Shemeji alikuwa pembeni yake na suti ile ile. Watu wa mtaa walikuja wachache, na waliokuja walikuja wameshakata tamaa. Mama Mapacha alikuja mikono mitupu.

Sikuwa nimemwambia mtu nitakalofanya, maana hata mimi sikuwa na hakika kama nitaweza. Niliposikia Mzee Kifua anaanza kukohoa kule mbali nikasimama, nikatembea katikati ya ukumbi hadi mbele ya meza. Kelele zikaja, zikajaa. Nikafungua mdomo, na mdomo ukakataa. Ulimi ulikuwa mzito kana kwamba mtu ameukalia. Tangu utotoni nimenyamaza kila kilipopita kitu hiki, na mwili haujui kwamba leo ni leo. Nikajilazimisha. Nikamwinamia Mwenyekiti, nikamtazama ndani ya miwani yake, nikasema maneno yote niliyokusudia, na sikusikia hata moja. Nilihisi tu koo likiuma. Yeye akaweka mkono sikioni, akatabasamu, akatikisa kichwa kwa upole wa kumvumilia mwendawazimu.

Ndege ikaisha. Nikamgeukia karani.

"Andika. Mwenyekiti ameulizwa mbele ya wote kama ana pingamizi matangi ya mafuta yajengwe uani kwake, juu ya kisima wanachokunywa watoto wake. Amenyamaza. Andika hana pingamizi. Kimya nacho ni jibu."

Karani, maskini, akaanza kuandika kweli.

"Usiandike!" Mwenyekiti akamshika mkono. "Mama yangu, mbona sikusikia ulichouliza?"

"Na sisi hatukusikia ulichouliza."

"Lakini si ndege ilikuwa inapita!"

Akasikia mwenyewe alichosema. Alifunga mdomo, ila lilikuwa limeshatoka, na ukumbi mzima ulikuwa umelidaka. Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena. Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Mkuki kwa nguruwe!" na wengine wakammalizia, "Kwa binadamu mchungu!" Fundi Redio akapanda juu ya kiti, na kiti kikapinda miguu, akasema, "Uliza tena! Uliza sasa hivi, kabla nyingine haijaja!"

Alikataa. Akasema utaratibu hauruhusu. Tukamwambia hatoki. Hatukumgusa, wala hatukumtukana. Tulisimama tu mlangoni, wanawake mbele, na simu zikaita huko na huko, watu wakaanza kumiminika kutoka mtaani na mikono ina unga, wengine na taulo kichwani, mteja wangu mmoja na nusu ya nywele. Akaona hana ujanja. Akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, na tukamwambia arudie kwenye kipaza sauti.

Basi tukajibu. Tulijibu mpaka jua likazama kwenye madirisha. Mama Mapacha alikimbia kuleta chupa yake, akaiweka mezani juu ya ramani, akamwambia kila mtaalamu wa tume aifungue anuse. Ndege nyingine zilipita katikati yake, nasi tukazizidi kwa kelele. Hakuna aliyejua mwenzake amesema nini lakini hakuna aliyekaa. Karani akaandika yote.

Mimi nilitimiza ahadi. Sikumtaja. Nilimtazama tu, mara moja, mambo yakiwa yamepamba moto. Na yeye, chini ya meza, asionekane na bosi wake, akaninyooshea dole gumba. Akanikonyeza. Alikuwa anafurahi pamoja nasi! Nilitamani kuivuta ile tai yake mpaka akumbuke jina la bibi yake, ila mdogo wangu alikuwa mlangoni na mtoto, ananitazama mimi tu.

Uamuzi ulitoka baada ya muda. Matangi yamehamishwa upande wa pili wa uwanja, mbali na mteremko. Njia ya pili ya ndege inajengwa kama walivyotaka. Kwa hiyo maji tumebaki nayo, na kelele zitakuwa mara mbili. Kuna waliosherehekea. Sikuwazuia, ila sikuona kwa nini mtu apigiwe vigelegele kwa kurudishiwa nusu ya kitu chake.

Jumamosi iliyofuata saluni ilikuwa imejaa. Gari la Shemeji likasimama nje. Akashuka, mke wake na mtoto nyuma yake, na ndani ya gari kumejaa madumu matupu. Kule kwenye nyumba za wafanyakazi hawayaamini maji yao ya bomba. Mtoto wake amekuzwa kwa maji ya chemchemi yetu tangu siku aliyozaliwa, na baba yake ndiye mchotaji.

"Mke mkubwa!" akaanzia mlangoni, mikono wazi. "Umemkomesha mzee wa watu! Mpaka leo ofisini haongei. Lakini nawe sema kweli, bila mimi ungepata wapi pa kumkamatia? Mimi ndiye niliyekutegea, wewe ukapiga!"

Wateja wakaanza kucheka. Wakanigeukia, wakisubiri jibu, maana siku zote jibu lipo. Na lilikuwepo. Lilikuja lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi, zuri, lenye kuchoma, ambalo lingewaangusha viti wote na kumrudisha yeye kwenye nafasi yake ya zamani, mume wa bure na chai yake. Nikajua nikilitoa hilo basi nimemsamehe, na yote yatakuwa yalikuwa utani.

"Karibu, Bwana Afisa," nikasema.

Akacheka. "Bwana Afisa! Ehe, leo umeamka na mpya."

"Sina utani na wewe, Bwana Afisa. Kama umemleta mke wako kusukwa, akae pale, kuna mtu mbele yake. Kama umefuata maji, chemchemi ni ya watu wote. Foleni inaanzia chini."

Hakuna aliyecheka. Hawakujua kisa, lakini wanawake wanajua kusoma sauti. Alinitazama, akasubiri nipasuke kicheko kama kawaida yangu. Nikachukua uzi mwingine nikaendelea kusuka. Akamgeukia mke wake, amsaidie, aseme dada anatania. Mdogo wangu alikuwa amemshusha mtoto na kumkalisha kwenye kigoda.

"Kachote maji, baba mtoto," akasema bila kuinua uso. "Mtoto ana kiu."

Akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona anashusha madumu moja moja, na watu kwenye njia wanampisha apite, hawamsalimii kwa ubaya wala kwa uzuri.

Bado anakuja. Hawezi kuacha kuja, maji yako kwetu. Ila akifika mlangoni siku hizi hupunguza mwendo, hushika kofia mkononi, mtu mwenye ulimi kama ule, na kunisalimia kama wanavyonisalimia wageni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," naitikia, na kazi inaendelea.